Ujumbe wa Malimi Uliowaleta Wageni kutoka Lamadi

Mgeni rasmi, Afisa Elimu Maalumu wa wilaya yetu, Mwalimu Mkuu, walimu wetu, wazazi mliowahi viti vya kivulini na ninyi mliokutana na jua: mwangaluka!

KARIBU KASOLI

Sisi wanafunzi wa Darasa la Saba tunakukaribisha kwa mikono miwili. Tulipanga kukusomea historia ya shule tangu ilipojengwa, lakini Mwalimu Blandina alisema wageni wote huwa wanasomewa hiyo na huwa wanasinzia. Kwa hiyo tutakusimulia habari za mwenzetu Malimi Nkinda. Mwenyewe ameturuhusu. Alisema, "Isemeni ninyi, maana sokoni wanaikosea."

ILIVYOKUWA

Malimi ni msichana wa miaka kumi na minne. Hesabu za kichwa anazimaliza wakati sisi bado tunatafuta kalamu. Lakini akifungua kitabu, herufi humgeuka. Akiiona b, huenda ikawa d. Akirudi kuihakikisha, imeshahama. Mwalimu mmoja aliyekwisha kuhama alikuwa akimwita mvivu. Na sisi, mgeni rasmi, tulicheka. Hilo tunalisema mbele yako kwa aibu.

Mwaka jana, mwezi wa sita, dada yake Felisita alijifungua mtoto wa kiume. Mama yao, Flora, mikono ikiwa na unga, akampa Malimi simu: "Mwandikie mjomba wako Joakim kule Lamadi. Mwambie dada amejifungua salama."

Malimi akaandika polepole, akakagua mara mbili, akatuma: "Baba amejifungua salama."

Mjomba Joakim ni mfanyabiashara wa samaki, mtu asiyependa kupitwa na jambo. Kesho yake saa nne asubuhi alishuka hapa Kasoli na mkewe, majirani wanne, sangara mmoja mkubwa na khanga mbili mpya. Kwa bahati mbaya, Mzee Nkinda alikuwa amekula michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga kupita kiasi. Walimkuta amelala mkekani, tumbo limejaa, anagugumia, pembeni kuna bakuli la uji.

"Pole sana, shemeji," mjomba akasema, akivua kofia. "Umejifungulia hapa hapa nyumbani?"

"Nimejifungua nini?"

"Ndiyo tumekuja kumwona. Amefanana na nani?"

Mkewe alikuwa ameshaanza kumfunika mzee khanga.

Simu ikatolewa, ujumbe ukasomwa kwa sauti, na kufikia saa sita hakuna mtu Kasoli ambaye hakuwa na habari. Watu walipita na baiskeli wakipiga kengele: "Hongera, mzazi!" Malimi alijificha nyuma ya ghala la pamba, akitamani ardhi immeze. Jioni baba yake alimwita.

"Shule basi," akasema. "Jumatatu unakwenda kuchunga. Ng'ombe hawaandikiwi barua."

Malimi alikwenda kuyafunga madaftari yake kwa kamba, kama mtu anayehama.

MWALIMU ALIPOFIKA

Jumapili, Mwalimu Blandina alikwenda nyumbani kwao. Akaeleza kwamba kuna watoto wenye akili timamu ambao ubongo wao huzishika herufi kwa namna tofauti. Si uvivu, si kurogwa, na kiboko hakiwatibu. Mzee Nkinda akakohoa. Mwalimu akampa karatasi ya zoezi la kusoma la Malimi aione mwenyewe.

Mzee akajipapasa mifukoni. "Miwani nimesahau."

"Miwani gani?" mama Flora akauliza. "Tangu umenioa sijaiona."

Basi akaishika karatasi, akakunja uso, akasoma: "Bawa ya... bawa ya mafua."

Palikuwa pameandikwa "dawa". Malimi alitazama chini, maana alikuwa amesoma vile vile. Hakuna aliyecheka.

"Mwalimu," mzee akasema, "hii kitu ina jina?"

"Ina jina. Inaitwa disleksia."

"Mimi waliniita ng'ombe. Nikaacha shule darasa la nne." Akamgeukia binti yake. "Ng'wanone, mwanangu, fungua hiyo kamba."

Jumatatu alimleta mwenyewe kwa baiskeli. Watu wakapiga kengele. Naye akapiga yake.

MAFANIKIO

Tangu siku hiyo tunamsomea Malimi kwa zamu, naye anatufundisha hesabu za sehemu. Mwalimu humfundisha herufi kwa kuzipanga na mbegu za pamba, ingawa kuku wa jirani walikula herufi tano na somo likaahirishwa. Sasa anasoma ukurasa mzima bila kulia. Na kucheka tumeacha, isipokuwa yeye akianza.

CHANGAMOTO NA OMBI

Mtihani wa kumaliza shule ni Septemba. Malimi anayajua majibu. Maswali ndiyo yanamkimbia. Mwalimu alijaza fomu ili aongezewe muda na asomewe maswali. Fomu ya kwanza haikujibiwa. Ya pili haikujibiwa. Ya tatu iko mbele yako, chini ya kile chombo cha maua. Kalamu tumekuwekea nne, zote tumezijaribu.

Tulitaka kuomba na mpira, lakini tumeufuta, usije ukachagua mpira.

Mzee Nkinda, yule mwenye shati la bluu, ametuomba tukufikishie maneno yake: "Mwambieni mgeni kwamba mimi hakuna aliyeniwekea sahihi."

Dua ya kufunga ataisoma Malimi. Ni mistari mitatu na itachukua muda. Wali utapoa kidogo. Tunaomba msimsaidie.

"Mungu akulinde njiani, mgeni wetu.

Awape walimu wetu nguvu, na wazazi subira.

Na sisi atupe muda. Wabeja sana, asanteni."

Ni sisi,
Wanafunzi wa Darasa la Saba, Kasoli, Bariadi.