Mstari Uliofutwa kwenye Mchoro

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka mwalimu aliyefundisha wanafunzi wa uhandisi kuchora saketi za vijibomba vya kaboni, vyembamba kuliko unywele mara maelfu. Alifundisha miaka kumi na mmoja. Wanafunzi walimwita Mzee Njiti.

Jina hilo alilipata kihalali. Kila somo la kwanza alimwaga njiti za kiberiti mezani, zikatawanyika ovyo. Hivyo ndivyo vijibomba vinavyolala, aliwaambia, vingine sawa, vingine mshazari. Kimoja cha mshazari kikipita pasipotakiwa, saketi imekwisha. Kwa hiyo kila mchoro uwe na mistari ya kukatia, ya kukionyesha kiwanda pa kuviondoa vilivyopotoka. Mkewe anasema jikoni kwake hakukuwa na njiti hata ya dawa.

Mwaka jana chuo kilimpa sharti: saketi ya wanafunzi ifanye kazi, la sivyo somo lifungwe. Wakati huo figo zilikuwa zimeshamchosha. Mchoro wa mwisho aliukagua akiwa kitandani hospitalini, miwani imemteleza puani. Akautia sahihi, ukapelekwa kiwandani.

Miezi minne baadaye saketi ilirudi kutoka kiwandani. Ilikuwa imekufa. Mstari mmoja wa kukatia haukuwepo. Kompyuta haikuona kasoro, maana kwenye kompyuta vijibomba vyote hulala sawa.

Mzee Njiti aliandikia chuo kwamba mstari ule aliufuta yeye, kwa uchovu, na alama za wanafunzi zisiguswe. Hazikuguswa. Somo likafungwa. Wenzake wakaanza kusema mzee amechuja, na maneno hayo yalimkata maini. Wiki tatu baadaye alifariki.

Juzi msichana aliyechora saketi ile alikuja hapa studioni pamoja na mke wa marehemu. Mstari aliufuta yeye, ili mchoro upendeze.

"Saketi iliporudi imekufa, nilimwendea hospitali nikamwambia," alisema. "Akanijibu, 'Nyamaza, mwanangu, umalize masomo.' Nimemaliza. Nilinyamaza hata mazishini."

Mke wa marehemu alimgeukia. Kisha akasema, "Mimi nilimgombeza. Nilimwambia angestaafu mapema asingejiaibisha. Naye akaniacha niamini hivyo."

Mama, na watoto wako, poleni sana. Hatuna la kuwapunguzia. Nawe unayetusikiliza, kama kuna mtu anayebeba lawama yako na bado yu hai, mwendee leo. Msichana huyu alituomba tulitamke hewani, nasi tunalitamka: mstari ule haukufutwa na mwalimu.