Ile Moja ya Sita

Baada ya swala ya alasiri, baraza ya Faki muuza kahawa, kule Likoni, haikosi kelele. Siku hiyo, mwaka wa tisini na tatu, Mzee Mwinyihaji alifika na kipande cha chaki. Akainama, akaandika juu ya saruji: 00000100. Alikuwa amezihifadhi tarakimu hizo kama mtu ahifadhivyo sura fupi ya Kurani. Mwanawe, Mbwana, alikuwa mtu wa redio kwenye meli ya mizigo, na meli ile ilizama masika na watu wake wote. Hakuna maiti iliyooshwa, hakuna kaburi. Kilichofika ni ujumbe wa mwisho wa mtambo wa Mbwana, nao ulitaja tu mahali meli ilipokuwa. Ila kichwani mwa ujumbe palikuwa na tarakimu hizi.

— Kila moja ni kama swichi ya taa, alisema Mwinyihaji polepole, kama alivyoelezwa na watu wa meli. Sifuri imezimwa, moja imewashwa. Ya kwanza yasema ujumbe ni wa haraka au si wa haraka, ya pili kama wataka jibu, hivyo hivyo. Hii ya sita kitabu cha mtambo hakikuieleza. Kimesema tu: iacheni sifuri. Na siku zote ilikuwa sifuri.

Waya, aliyepanda nguzo za simu mpaka akastaafu, alisogeza kofia yake.

— Basi ni maji. Maji yaliingia, waya zikagusana.

— Wewe wajua nguzo tu, alimkatiza Antena, fundi wa redio. Hiyo ni alama ya siri. Wenye kuunda mitambo huacha tundu lao la kuchungulia.

— Wachungulie nini? Magunia ya mchele?

— Nani alikwambia ni mchele? Wallahi, hiyo yasema, tumetekwa! Saa hii Mbwana yuko kisiwani, awapikia maharamia chai...

— Antena! Faki alimkanya, dele la kahawa mkononi. Mzazi yuko hapa.

— Niwie radhi, Mwinyihaji. Ulimi huu.

Mwinyihaji hakukasirika. Alikuwa akiitazama ile moja, ilivyosimama peke yake.

— Mimi naona kidole, alisema.

— Kidole gani, kaka? aliuliza Waya.

— Cha shahada. Mwenye kukata roho, ulimi ukimkwama, hukisimamisha. Labda ndivyo alivyotuambia kuwa ameondoka nayo.



— Ndiyo maana yake, alisema Waya. Yule alikuwa mtoto wa swala.

— Nami ndivyo nilivyotaka kusema, Antena akadakia.

— Wewe ulisema apika chai!

Mwinyihaji alitabasamu kidogo. Tangu msiba, kifua chake kilikuwa hakijawahi kulegea hivyo.

Pembeni alikaa Ngumbao, mgeni kutoka Changamwe aliyepita hapo kunywa kikombe tu.

— Samahani, wazee. Hiyo moja, iliwashwa na mtu, ama mtambo hujiwasha wenyewe?

Waya alimtazama Antena. Antena alitazama saruji. Faki aliinamisha dele, halikutoa kitu.

Magharibi waliswali pamoja. Katika kikao cha tahiyatu ya mwisho kidole cha shahada cha Mwinyihaji kilisimama kama vya wengine. Imamu akatoa salamu kulia, akatoa kushoto, watu wakaanza kutafuta viatu. Waya, aliyekuwa ubavuni pake, aligeuka kumpa mkono, kisha akaurudisha.

Kidole kilikuwa bado kimesimama, na Mwinyihaji alikuwa akikitazama kama alivyoitazama ile moja.