Vifungo vya Shati la Bwana

Kwenye basi, mbele yangu walikaa wanawake wawili wasiojuana: mshonaji wa mavazi ya filamu na mama muuza vitambaa.

"Dada yangu," mshonaji alisema, "kwenye onyesho la mahaba mwongozaji alitaka vifungo vya blauzi ya bibie nivilegeze, ili bwana aifungue kwa mvuto mmoja. Nikamuuliza, si hadithi inasema anayemtamani mwenzake ni bibie? Akakubali. Nikamwambia, sasa mbona anayevuliwa ni huyo huyo bibie?"

"Ukafanyaje?"

"Vya bibie nikavikaza kwa uzi wa gunia. Nikalegeza vya shati la bwana. Kamera ilipowashwa, bibie akamaliza kazi."

"Umemdhalilisha baba wa watu."

"Mbona alitabasamu?"

"Alilipwa atabasamu."

"Na bibie filamu zote hizo amelipwa ashtuke."

Mimi nilikuwa nasoma gazeti, ila tangu blauzi itajwe sikuwa nimegeuza ukurasa.

Basi likasimama. Muuza vitambaa akainuka, uso kaukunja vilevile. "Mimi bado siafiki," akasema. "Lakini mashati ya mume wangu nikuletee wapi?"

Nikajikuta napapasa vifungo vyangu. Vilikuwa imara kabisa. Mke wangu huvikaza mwenyewe.