Mama Aliomba Nisiingie Majaribuni

Bwana wetu apewe sifa, wapendwa wa Tottenham! Jamani, itikieni vizuri, mgonjwa ndiye anayewasalimu! Mnanijua, mimi ni Mama Neema, yule wa kukaa karibu na hita na barakoa usoni. Leo nimepata nguvu ya kusimama, basi nivumilieni.

Ndugu zangu, nilipata saratani ya damu. Mdogo wangu Elisha akapanda ndege kutoka Mbeya, akatoa uboho wa mifupa yake, nikawekewa mimi. Saratani ikaondoka. Tulicheza hapa, mnakumbuka! Lakini miezi ikapita, ngozi ikaanza kukakamaa, macho yakakauka, mdomo ukajaa vidonda hata uji ukawa unawasha kama pilipili. Daktari akanieleza kwamba uboho wa Elisha umeuona mwili wangu kuwa ni mgeni, unaupiga vita. Elisha aliposikia alilia kwenye simu. "Dada, kumbe mimi ndiye ninayekuumiza?" Nikamwambia nyamaza baba, bila wewe ningekuwa nimeshazikwa.

Nilimeza vidonge vya steroidi, vya kutuliza hiyo vita, mpaka uso ukaumuka kama andazi. Havikutosha. Basi Neema wangu, na mnawajua hawa watoto wetu wa hapa, unamsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza, akajifungia na kompyuta yake akisoma habari za ugonjwa huu. Akaniambia, muulize daktari wetu, hapa London nani anautibu kila siku? Niliona haya. Nilidhani daktari atasema namdharau. Wapi! Alifurahi, akaniandikia rufaa palepale.

Bingwa mwenyewe ni dada wa Kihindi wa Rayners Lane, hapahapa London, kwao hasa Kisumu. Alinipima taratibu, akasema ugonjwa umeanza kugusa mapafu, na iko dawa mpya inayofanyiwa majaribio. Nikitaka, naweza kuingia.

Nikampigia Mama kule Mbeya, na simu inakatakata. "Mama, wanataka niingie kwenye majaribio." Mama akasikia majaribu. Lo! "Shetani ashindwe! Mwanangu, usikubali!" Kabla sijapata uji wangu wa mchana, akina mama wa kanisa lake walikuwa wamefunga. Akampigia mchungaji wetu, nanyi mkafunga! Mlimlilia Mungu hapa dada yenu asiingie majaribuni, na mimi nimekaa pale kwenye hita naitikia amina!

Msicheke sana. Maombi yale yaliniingia. Nilianza kuwaza, labda Mungu anasema hapana kupitia kwa mama yangu. Pumzi ilikuwa fupi, ngazi za nyumbani zinanishinda, na bado nikarudi kliniki kumwambia yule bingwa kwamba siingii.

Akaniuliza ninaogopa nini. Nikamweleza yote. Hakunicheka. Akasema, "Pigia mama yako simu, weka spika." Akaanza na kile Kiswahili chake cha Kisumu, ngeli zimelala chini, lakini ndugu zangu, kilikuwa kitamu!

"Mama, mimi ni daktari ya msichana yako. Sisi hatujaribu yeye. Tunajaribu dawa."

Mama akauliza palepale:

"Kwa hiyo anayefanya mtihani ni dawa?"

"Ndiyo, Mama. Na yeye akitaka kutoka, anatoka siku yoyote. Tutaendelea kumtibu."

"Basi tumekosea maombi," Mama akasema. "Tutaiombea dawa ifaulu."

Hapo ndipo nilipofunguliwa! Hofu ilinitoka, nikalia, daktari akanipa tishu, na yeye akachukua yake. Nikasema ndiyo.

Sitawadanganya mbele za Bwana. Sijapona kabisa. Kliniki bado naenda, dawa yenyewe bado inapimwa, na mwingine huenda isimfae. Lakini mapafu yametulia. Ngozi imeanza kulegea. Juzi nilimsuka Neema kwa vidole hivi vilivyokuwa vimegoma. Alikaa kati ya magoti yangu, msichana mkubwa vile, akaniambia, "Mama, usiharakishe." Kwa Kiswahili! Nikasuka polepole, machozi yananidondoka kichwani kwake.

Wewe uliye na mgonjwa nyumbani, mtegemee Bwana, na daktari muulize. Muulize bingwa ni nani. Muulize kama kuna majaribio, na yana hatari gani. Kiingereza kikikupiga chenga omba mkalimani, usione aibu, Mungu hakasiriki ukiuliza.

Mchungaji, isogeze hiyo simu kidogo, watu wa Mbeya wako hewani. Elisha, mdogo wangu, asante. Uboho wako na mimi tunaanza kuelewana. Mama, unanisikia? Niliingia, Mama. Na Bwana aliingia pamoja nami. Mwanao bado yupo.