Mama Bado na Karatasi ya Namba Moja

Tunayemsindikiza leo, ambaye karibu wote mlimwita Mama Bado, alizaliwa tarehe 4 Agosti 1957 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya ghala la mbao. Baba yake alikuwa mlinzi wa ghala hilo, mama yake fundi cherehani. Baba alifariki mapema, na mtoto huyo wa pekee akakulia miguuni pa cherehani. Mama yake alisimulia kwamba siku moja, ili amalize kushona, alimfunga kwa kitambaa kwenye mguu wa cherehani. Alipotoka kidogo kumpokea mteja na kurudi, alikuta cherehani imesogea hadi mlangoni.

Alianza shule ya msingi Januari 1965 na kumaliza kidato cha nne Novemba 1975. Akili alikuwa nayo, kukaa ndiko kulikomshinda. Mwalimu wa hesabu alimpa kazi ya kudumu ya kufuta ubao, akisema kama lazima atembee, basi atembee kwa faida.

Machi 1976 aliajiriwa katika studio ya picha kwenye mtaa wa maduka ya vitambaa, awe anapokea wateja. Kaunta ilimshinda kabla mwezi haujaisha. Mwenye studio akamhamishia chumba cha giza, kwamba huko angalau wateja wasimwone anavyohangaika. Kilikuwa chumba cha taa nyekundu, trei tatu za dawa na bomba lililovuja. Hakutulia hata humo, ila mahangaiko yake yalipata kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa kusafisha picha, na kwake picha ilianzia kwenye karatasi. Wazee aliwataka kwenye karatasi isiyong'aa, maharusi kwenye inayong'aa. Tena karatasi zilikuwa na namba. Namba moja ni laini: huonyesha hata kilichojificha kivulini, lakini weupe hupooza. Namba nne ni ngumu: cheupe kinawaka, cheusi kinakuwa cheusi kabisa, na kilicho katikati kijitegemee. Gizani aligusisha pembe ya karatasi mdomoni ili ajue upande wenye dawa, maana ndio unaonata. Mumewe, ambaye ameruhusu hili lisomwe, alikuwa akilalamika kwamba karatasi zilibusiwa kuliko yeye. Picha ambayo wengine wangeikabidhi, yeye aliirudia kwa karatasi nyingine, kisha nyingine. Mteja akiuliza kama ipo tayari, sauti ilitoka nyuma ya pazia: "Bado." Jina likamganda.

Tarehe 12 Desemba 1981 alifunga ndoa na fundi saa, kaka yangu, mtu anayeweza kukaa kwenye stuli moja toka afungue duka hadi afunge. Watu walimuuliza ataishije na mwanamke asiyekaa. Alijibu kwamba vitu vinavyotembea havimpi shida. Vinavyomtia wasiwasi ni vile vilivyosimama.

Gauni la harusi alilishona mama mzazi wa marehemu. Kifuani aliweka mikunjo myembamba kama njiti za kiberiti, yote kwa mkono, na alitaka kila mtu aione. Yeye mwenyewe hakutaka kuonekana. Binti yake alifanya kazi studio miaka yote hiyo na hakufanikiwa kumpiga picha hata moja. "Si mnanijua?" alikuwa akisema. "Picha ya nini?" Siku ya harusi mpiga picha aliwasimamisha maharusi nje ya mlango wa ukumbi, jua la saa sita likiwapiga. Nyuma ya bega la bibi harusi, kwenye kivuli cha mlango, alisimama mama yake na nguo ya buluu iliyokoza. Alidhani kamera haimfikii.

Mama huyo alifariki ghafla tarehe 9 Aprili 1982. Msibani ilitafutwa picha ya kuweka mbele ya jeneza, haikupatikana. Mama Bado aliondoka bila kuaga, akaenda studio, akarudi na picha ya harusi ikiwa bado mbichi. Aliisafisha kwenye karatasi aliyoikuta juu ya meza, nayo ilikuwa ngumu. Gauni liliwaka na mikunjo ilionekana mmoja mmoja, lakini mahali alipokuwa mama palikuwa shimo jeusi. Mama yake akazikwa bila picha.

Hapo ndipo Mama Bado alipoanza kutafuta. Alirudi na karatasi laini, na mama yake akatoka kivulini: uso, tabasamu la nusu, hata sindano aliyoisahau kwenye kola. Lakini mikunjo ililala yote, gauni likawa kama limefuliwa pamoja na soksi. Alijaribu kumzuilia mama mwanga kwa kiganja wakati wa kusafisha. Akatokea na duara jeupe kichwani, kama mtu aliyemwagiwa unga. Alijaribu karatasi nene, nyembamba, yenye wekundu wa chai, yenye ubaridi wa chuma. Alihama studio nne akifuata karatasi. Hata nyumba walihama, kwa kuwa waliyoipata ilikuwa na bafu lisilo na dirisha, akaligeuza chumba cha giza. Watoto wawili walizaliwa, wakasomeshwa, na wakafundishwa mapema kwamba kwenye friji, chini ya mboga, kuna pakiti za karatasi zisizofunguliwa hata nyumba ikiungua.

Wengi tulimshauri achague uso amalize. Jibu lake lilikuwa moja. "Uso aliuficha mwenyewe, wifi," aliniambia. "Mikunjo ndiyo aliyotaka ionekane. Nimtoe asipotaka, halafu nimfutie kazi yake?" Huku anasema, anafuta meza iliyokwishafutwa.

Picha za rangi zilikuja, kisha simu, na studio zikafunga vyumba vya giza. Marehemu aliendelea bafuni kwake, akisafisha picha za kale za watu, na akinunua pakiti zilizopitwa na muda kila aliposikia studio fulani inauza vitu vyake. Wengi wenu mna wazazi wenu ukutani kwa sababu yake, ingawa mlisubiri.

Februari 2022 aligundulika kuwa na ugonjwa wa moyo. Daktari alimwandikia vidonge na mapumziko, vidonge alimeza. Januari mwaka huu, 2023, alituita na kusema anachotaka kwenye jalada la ratiba ya mazishi yake si picha yake peke yake, bali hiyo ya mlangoni. "Mama alikwenda bila picha," alisema. "Nikienda mimi, aonekane naye." Lakini ni ipi, ya uso au ya mikunjo, hakusema. Binti yake, muuguzi, alitaka mikunjo. Mwanawe, dereva wa lori, alitaka uso. Walibishana mbele yake wiki nzima, naye akizunguka chumba akishika kuta, leo akimuunga mkono huyu, kesho yule.

Kaka yangu alikuwa dirishani na saa ya mtu mkononi. Hakuinua macho.

"Mama Bado, gauni lipo sandukuni," alisema. "Mama yako hayupo. Karatasi imbebe asiyekuwepo."

Marehemu alisimama pale pale. Kisha akamtuma binti yake kwenye friji akalete pakiti ya mwisho ya namba moja.

Walisafisha wawili, Mama Bado akishika ukingo wa beseni. Karatasi ilikuwa ya zamani sana, ndiyo maana jalada mlilo nalo lina ukungu wa kijivu pembeni. Si kosa la mchapaji. Tazameni mlangoni: yule ndiye mama yake, na ile ni sindano. Picha ilipokauka, tulimuuliza kama sasa imekubalika. Aliipeleka kwenye mwanga, akaigeuza, akairudisha.

"Bado," alisema. "Ila ichukueni."

Alilazwa tarehe 2 Juni 2023. Wauguzi walimkuta mara mbili kwenye korido, akinyoosha fremu za picha ukutani. Alifariki tarehe 11 Juni, alfajiri, mumewe akiwa kwenye kiti kando yake.

Marehemu ameacha mume, binti, mtoto wa kiume, mkwe mmoja, wajukuu watatu, wifi mmoja, na picha za wateja ambazo hazijachukuliwa. Wenyewe waje nyumbani.

Gauni limetundikwa kushoto kwa jeneza. Baada ya ibada, kila mtu asogee aione mikunjo, kwa kuwa aliyeishona alitaka ionekane. Mikono iwe mikavu, tafadhali.

Wifi yangu, mama yako ameonekana. Kaa sasa. Mungu akupe huko kiti kilichokushinda huku, na upumzike kwa amani.