Nafasi ya Waitikiaji

Tegeni masikio, wanangu. Sorcha, sogea hapa kitandani, umpakate mdogo wako Ruaraidh, na akilia usimkataze, nitasema juu ya kilio chake, maana pumzi niliyo nayo ni ya kuazima na sijui mwenyewe ataidai lini, na naogopa, sitawaficha, mama yenu anaogopa.

Kinubi ni chako, Sorcha. Blanketi la sufu alilofuma babu yangu ni la Ruaraidh, msigombane. Baba yenu atawapeleka Glasgow kwa dada yake, na huko hakuna atakayewasemesha Kigaeli, lugha yetu ya kisiwani, najua, nimeshalia, basi. Kinachobaki ni albamu niliyorekodi.

Nusu yake ni nyimbo za bibi yangu Oighrig, nusu nimezitunga mimi, nikazisuka pamoja kama nywele. Na kwetu mtu haanzi wimbo kabla hajamtaja aliyempa, kwa hiyo mkiimba semeni, huu ni wa Oighrig, huu ni wa mama. Msinisahau hapo.

Lakini wimbo wa mwisho haujakamilika. Ni ule wa kupigia kitambaa, wanawake wakiizunguka meza, wakikipiga kikiwa kimelowa mpaka kikaze, mmoja anatoa mstari, wengine wanaitikia. Kidole kimoja hakivunji chawa. Nimerekodi mistari yangu, nikaacha nafasi za waitikiaji, na anayejua kuitikia kisiwa kizima amebaki mmoja, mama mkubwa Ceit, binti yake Oighrig, hapo ng'ambo ya barabara.

Alikuja Jumamosi na mikate ya shayiri, nikamwomba. Akasema, "Iseabail, umechanganya maziwa ya mama yangu na maji ya bomba, sasa unataka nije nikukorogee?"

Nikamwambia, "Mama mkubwa, hata bibi aliongeza ubeti wa yule ng'ombe wake mwizi, mbona hukumzomea?"

Akacheka. "Aliongeza, ndiyo. Lakini alizeeka kwanza, mtoto wewe."

Kisha akaniona. Aliniona nilivyo, kuwa uzee sitaufikia, akaweka kikombe, akatoka bila hata kurudisha mlango, na hajaja tena. Moshi wa jiko lake nauona kutoka hapa, mlango wake haufunguki. Msimchukie. Neno likishatoka halirudi mdomoni, na yeye lile limemkaba, lakini mimi siwezi kungoja limwachie.

Torcuil, mume wangu, yule jamaa wa studio akitaka kuzijaza nafasi zile kwa sauti za mashine, mkatalie. Ziachwe kimya. Sorcha, utamsikia mama anaita, halafu hakuna kitu, anaita tena, halafu hakuna kitu. Usidhani albamu imeharibika, mwanangu, na usiitikie kwa kubahatisha. Hapo palikuwa na watu.

Mnizike karibu na Oighrig, na kaburini asiimbe mtu asiyeujua wimbo. Ceit akija, apewe kiti. Asipokuja, kiti kiwekwe hivyo hivyo.

Ruaraidh amenyamaza? Afadhali. Nipe mkono, huo mwingine, wenye joto. Baraka nilizokuwa nimewapangia zimenitoka kichwani zote, imebaki moja. Mungu awape uzee. Mzeeke, wanangu, meno yawatoke, mgombane na wajukuu... mzeeke kwanza... ndipo muongeze ubeti...