Vyeti Kumi na Kimoja na Ndama Mmoja

Asubuhi hiyo, kwenye benchi la kahawa la Shamira karibu na soko la Koboko, Yakani alikuwa na donge rohoni. Binti yake Helen, mwaka wa tatu chuo kikuu akisomea utabibu wa mifugo huko Arua, alikuwa amepiga simu jana: anataka kuacha chuo, ajisomee mtandaoni. Jibu la baba alilitaka leo. Yakani, aliyeshonesha suti mpya kwa siku ya kumpeleka chuoni, alikata simu kwa hasira. Sasa alikuwa amewasimulia wenzake wa kahawa.

— Wacha mtoto, alisema Moris, aitwaye Profesa. Mimi iko na cheti kumi na moja ndani ya simu, hata ya ngombe. Nasoma kwa mwendo yangu.

— Mwendo ya kinyonga! Yakani akafoka. Kozi ya wiki sita, wewe namaliza mwaka mbili.

— Elimu haina mwisho, mzee.

Swadiki, aitwaye Sajenti kwa jina tu, maana gwanda alilovaa lilikuwa la baba yake, akadakia:

— Chuo nakwisha! Ile majumba yote watu ataweka mahindi.

— Na walimu? Shamira akauliza.

— Atafukuza panya. Hata mutu ya kaburini atasoma, mwendo yake mwenyewe.

— Mchelea mwana hulia mwenyewe, Moris akahitimisha.

— Hiyo methali iko upande yangu, pumbavu! Yakani akang'aka.

Hapo bodaboda ikasimama. Akashuka Kiden, mkulima wa Abuku, anahema.

— Nasikia hapa iko mutu ya cheti ya ngombe. Yangu nazaa tangu jana, ndama ametoa mguu moja tu. Tuvute ao turudishe?

Wote wakamgeukia Profesa. Moris akapekua simu, jasho likamtoka.

— Hiyo... walituonyesha picha tu.

Yakani alicheka kwa dharau mpaka akamwaga kahawa. Sasa wataona maana ya chuo! Akampigia Helen, akaweka spika, akauliza.

Helen akajibu:

— Baba, sijui. Mwaka wa tatu, sijashika ng'ombe hata siku moja. Mwalimu anatutumia video, kila mtu ajisomee. Jana nilikuwa nakuambia hivyo, ukanikatia.

Kiden aliwatazama mmoja mmoja, akasonya, akapanda boda akatafute mtu mwingine. Yakani alizima spika, akaweka simu sikioni.

— Baba? Sasa nibaki huku nafanya nini?